IMBWA ANAYEHAMA PAMOJA NA FAMILIA



Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja aliniuliza neno ambalo sikulingojea. Bwana yake alikuwa amepata masomo Ubelgiji. Karatasi za watoto zilikuwa tayari, lakini mtoto wake wa pili alikuwa analia kila usiku sababu ya imbwa wao. Akaniuliza: "Mama munganga, imbwa naye anahitaji chanjo kama watoto?" Wamama wengine kwenye benchi walicheka. Mimi sikucheka. Jibu ni ndiyo, na matayarisho ya imbwa ni marefu kuliko ya mtoto.

Sababu gani wanamsumbua imbwa hivi?

Ni kwa ajili ya ugonjwa mmoja, kichaa cha imbwa. Hapa kwetu watu wanasema tu "imbwa mwenye wazimu". Mdudu wa ugonjwa huu anakaa katika mate. Imbwa akiuma, mate yanaingia katika kidonda, na mdudu anafuata mishipa ya fahamu, pole pole, mpaka kufika katika ubongo. Wakati yuko njiani hakuna kitu kinachoonekana. Mtoto anacheza, anakula, kidonda kinapona. Mara nyingi inapita miezi 2 au 3, mara nyingine juma moja tu, mara nyingine karibu mwaka. Halafu homa inakuja, mtoto anaogopa maji, anashindwa kumeza. Dalili hizo zikianza, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya la Dunia linahesabu watu karibu 59.000 wanaokufa hivi kila mwaka, na kati ya 10, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na imbwa.

Ubelgiji walipigana na ugonjwa huu muda mrefu. Walitupa porini chakula chenye dawa ya chanjo ili mbweha wakile, na mwaka 2001 inchi yao ilihesabiwa kuwa safi. Lakini mwaka 2007 imbwa mmoja aliyetoka Maroko alionekana nao kule. Pengine aliyemleta alikuwa anampenda tu, kama yule mtoto wetu anayelia.

Mambo yanayotakiwa

Nitaeleza ya Ubelgiji, maana ndiko mama yule alikokuwa anakwenda. Ni sheria ya Umoja wa Ulaya wote, na paka naye anaifuata.

Kwanza kabisa, munganga wa nyama anamtia imbwa kidude chenye namba chini ya ngozi ya shingo, kwa sindano. Ni kidogo kama punje ya mchele. Namba ile ndiyo jina lake mbele ya serikali. Baadaye, au siku ile ile, anapewa chanjo ya kichaa. Mtoto wa imbwa asiyetimiza majuma 12 hawezi kuhesabiwa.

Mama, shika mpangilio huu: namba mbele, chanjo nyuma. Yule mama hakuujua. Imbwa wake alikuwa amechanjwa, ndiyo, na karatasi ilikuwako, lakini hakuwa na namba. Nani atajua kama imbwa wa kwenye karatasi ndiye huyu? Chanjo ile ikawa kama haikufanyika, wakaanza tena. Walibakiza majuma 5 tu mbele ya avio.

Na majuma 5 hayatoshi hata kidogo. Kongo haimo katika orodha ya inchi ambazo Ulaya inaziona bila hatari kubwa. Kwa hiyo, baada ya chanjo, imbwa anangoja siku 30, halafu damu yake inachukuliwa na kupelekwa katika maabara iliyokubaliwa na Umoja wa Ulaya. Wanatafuta kama mwili wake umejifunza kupigana na mdudu. Kipimo kinapaswa kufika 0,5 au zaidi. Tokea siku ya kuchukua damu anangoja tena miezi 3 ndipo aingie Ulaya.

Watu wengi wanakasirika hapa. Wanasema: damu imekuwa nzuri, tunangoja nini tena? Kumbuka yale tuliyosema juu ya mdudu anayetembea pole pole. Pengine imbwa huyu aliumwa na mwingine mbele ya kuchanjwa, na mdudu yuko bado njiani. Damu haiwezi kumwonyesha. Siku zikipita tu ndiyo tutaona. Mimi naona sheria hii iko na akili, hata kama inaliza watoto.

Tuhesabu pamoja. Imbwa akichanjwa tarehe 1 Februari, damu haiwezi kuchukuliwa mbele ya tarehe 3 Machi, na yeye hawezi kuingia Ubelgiji mbele ya tarehe 3 Juni. Miezi 4 imekwisha kupita. Ukijua leo kwamba mutahama, umwite munganga wa nyama leo, hata kama tiketi haijanunuliwa.

Siku za mwisho kuna cheti cha afya chenye muhuri wa munganga wa serikali. Kinasaidia siku 10 tu mpaka kufika mpakani mwa Ulaya, usikichukue mapema. Na chanjo inayofuata isipitwe na tarehe yake hata siku moja, la sivyo munarudi mwanzo, damu tena, miezi tena.

Wale wanaohamia Marekani wana sheria nyingine, na ilikuwa ngumu zaidi tokea Agosti 2024. Imbwa chini ya miezi 6 hapokelewi kabisa. Muulize huko mapema.

Gharama si ndogo, kwani damu inasafiri ng'ambo. Uliza bei yote mbele ya kumwahidi mtoto.

Wakati wa kungoja

Miezi ile 4 imbwa yuko kwako, katikati ya watoto. Asizunguke sokoni usiku na imbwa wengine. Na kama yeye au mwingine yeyote anauma mtoto, osha kidonda palepale kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 nzima. Usitie majani wala mafuta, usifunge kwa nguvu. Lete mtoto hospitali siku ile ile kwa sindano, hata kama kidonda ni kidogo kama cha mwiba. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha naye anaweza kupigwa sindano hizo bila hofu. Imbwa aliyeuma, kama yuko na mwenyewe, msimwue haraka. Afungwe na kuangaliwa siku 10.

Kwa mama yule avio haikungoja. Imbwa alibaki kwa mama mkwe wake, na namba yake na karatasi zake zote. Hilo alilifanya vizuri. Nimekwisha kuona familia zinazohama usiku na kumwacha imbwa wao barabarani. Juma la pili anatafuta chakula kwenye majalala pale watoto wa jirani wanapocheza. Mama mkwe alikuja kwangu na karatasi mkononi, hajui kusoma Kifaransa, akiuliza tarehe ya chanjo inayofuata ni ipi. Tuliiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi ya kupima mjukuu wake mdogo, kwa sababu karatasi ile, alisema, yeye haipotezi.