Nguzo ya Mazoezi Isiyooza Upesi

Nchini China, watu wanaojifunza mchezo wa kujihami uitwao Wing Chun hufanyia mazoezi kwenye nguzo yenye mikono mitatu na mguu mmoja wa mti. Je, nguzo kama hiyo ikisimamishwa uwanjani Kilosa au Mikumi, itadumu?

Tazama kigingi cha ua kilichong'olewa. Mara nyingi kimeoza zaidi kwenye usawa wa ardhi. Kuvu ndiyo huozesha mti. Huhitaji maji, hewa na chakula, na chakula chake ni mti wenyewe. Chini ardhini hewa ni kidogo. Juu, jua na upepo hukausha mti. Kwenye usawa wa ardhi, maji na hewa hukutana. Mchwa nao hupanda kutoka udongoni.

Kutengeneza nguzo

Fanya kazi hii pamoja na mwalimu au fundi seremala.

1. Pata gogo kavu la mninga, mti wa misitu ya miombo. Usikate mti katika Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Ni marufuku.
2. Ondoa gome na sehemu nyeupe ya nje, kwani huliwa kwanza. Bakiza kiini cha rangi ya hudhurungi.
3. Kata ncha ya juu mshazari ili maji yateremke. Maji huingia upesi zaidi nchani kuliko ubavuni.
4. Toboa matundu ya mikono na mguu kwa keekee na patasi. Baada ya mazoezi vichomoe, matundu yapate hewa.
5. Chimba shimo la sentimita 60. Tandaza changarawe, simamisha nguzo kwa timazi, kisha shindilia udongo. Udongo wa juu uinuke kuzunguka nguzo, maji yasituame.
6. Zungushia kamba ya katani mahali pa kupiga. Ikilowa, ifungue.

Kila mwezi, tafuta vijia vya udongo vya mchwa. Dunga nguzo kwa msumari kwenye usawa wa ardhi. Ikiwa laini, usiipige: yaweza kumwangukia mwenzako.

Jaribio

Kabla ya masika, pigilia vigingi viwili ardhini: kimoja cha sehemu nyeupe, kingine cha kiini. Ving'oe mwezi Juni.

Maswali

1. Kigingi kipi kimeharibika zaidi? Kwa nini?
2. Taja vitu vitatu ambavyo kuvu huhitaji.
3. Changarawe husaidia nini?