Presha kwa Wazee: Dawa Si ya Siku ya Kuumwa na Kichwa Tu

Wazee wengi huacha dawa za presha kwa sababu moja: wanajisikia vizuri. Kichwa hakiumi, kizunguzungu hakuna, basi vidonge vinawekwa kabatini kungoja siku ya maumivu. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili yoyote, nalo huendelea kuharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo kimyakimya. Wapo wanaojua kuwa wana presha siku wanapopatwa na kiharusi.

Namba ya juu ikifika 140, au ya chini ikifika 90, katika vipimo vya siku tofauti, hiyo ni presha ya juu. Lakini kipimo kinaweza kudanganya. Mzee aliyepanda mlima hadi zahanati asipimwe papo hapo. Aketi dakika 5, mgongo uegemee kiti, miguu ikanyage sakafu, mkono uwe mezani usawa wa moyo. Wahamasishaji wa afya ya jamii waliopewa vifaa mwaka 2023 walikabidhiwa pia mashine ya kupima presha, kwa hiyo asiyeweza safari anaweza kupimwa nyumbani.

Wengine huacha dawa kwa sababu zinawasumbua, na malalamiko hayo ni ya kweli. Amlodipini huweza kuvimbisha miguu. Enalaprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Dawa za kukojoza zikimezwa jioni humwamsha mzee usiku kucha. Haya aambiwe muuguzi au daktari, kwa maana dawa hubadilishwa na saa ya kumeza husogezwa. Akinyamaza na kuacha, presha hupanda tena.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni dawa za magoti. Diklofenaki na ibuprofeni, zinazonunuliwa dukani kama peremende, huzuia chumvi na maji mwilini, hupandisha presha na zinaweza kuumiza figo. Mwenye presha amwulize mhudumu wa afya kabla ya kuzimeza.

Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyo katika mkate na viungo vya pakiti. Magadi ya kulainishia maharagwe na mboga nayo huhesabiwa. Kuloweka maharagwe usiku kunasaidia vilevile.

Anayetumia dawa asiinuke kitandani ghafla. Akae ukingoni kidogo kwanza, maana presha hushuka mtu anaposimama, na kuanguka huvunja nyonga.

Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakikwama, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimetoweka. Asipewe chakula wala vidonge njiani, kwa kuwa anaweza kupaliwa.

Siku ya kliniki mzee abebe dawa zote anazotumia, za mitishamba zikiwemo. Aliyesahau kidonge cha asubuhi akimeze akikumbuka siku hiyo. Asimeze viwili kesho yake.