Dondoo Muhimu: Kufundisha Walio Kazini, Morogoro

Viwanda vya sukari, tumbaku na nguo vimejaa mafundi wazoefu wanaoletewa mashine mpya. Mwenye chuo anayetaka kuwanoa azingatie haya.

1. Ingia kiwandani kabla ya kuandika mtaala. Msikilize msimamizi wa zamu, si ofisa utumishi peke yake.
2. Kwenye viwanda vya sukari vya Mtibwa na Kilombero, usiite watu darasani miwa ikisagwa. Subiri masika, mitambo inaposimama kwa matengenezo. Hapo ndipo mashine iliyofunguliwa inakuwa ubao wako.
3. Usimwanzishe moja fundi wa mtaani asiye na cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mpime, mzibie mapengo tu.
4. Kamilisha usajili wa Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi (NACTVET) kabla ya kupokea ada.
5. Mwalimu anayewamudu vijana huenda akamkera mtu mzima aliyezeekea kwenye mashine. Mpeleke mwalimu wako Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, hapa hapa Morogoro.
6. Usingoje wakulima wa viungo washuke kutoka Milima ya Uluguru. Kukausha karafuu hufundishwa huko huko, Kinole au Matombo, wakati wa mavuno, juu ya turubai lao.
7. Jiandae na swali la bei. Mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi tayari hulipa Tozo ya Kuendeleza Ufundi Stadi, asilimia 3.5 ya mishahara tangu Julai 2023, na atakuuliza kwa nini alipe tena.