Mdogo Wangu, Hayo ni Maji

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo nina barua moja tu, maana imenikaa rohoni tangu niisome. Imetoka kwa binti wa hapahapa Tandahimba anayejifunza kunyanyua vyuma, ule mchezo wa powerlifting. Ana kilo 65.4, mashindano yamebaki siku kumi na mbili, na kocha wake wa kwenye simu (huyo nitamrudia) kamwambia ashuke hadi 63: siku mbili za mwisho asinywe maji, na akimbie amevaa koti la mvua. Anauliza, "Dada, nitaweza?"

Utaweza, mdogo wangu. Hilo ndilo linalonitisha.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Mwanamke wa huku juu uwandani hahitaji kufundishwa hilo na mwalimu. Ndoo ya lita 20 ilishamfundisha shingoni. Bibi zetu walikuwa wakiteremka bondeni na kupanda nayo kichwani, kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kuyasukuma kutoka bonde la Kitangari, na mpaka leo nyumba nyingi zina kisima cha kuvunia mvua uani. Sasa wewe, mjukuu wao, unataka kumwaga lita mbili na ushee kwa makusudi. Mafuta ya mwilini hayatoki kwa siku mbili. Kitakachotoka ni maji ya damu na ya misuli, ile misuli unayoitegemea.

Muulize mkulima yeyote wa korosho habari ya unyaufu. Gunia limetoka kwake na kilo zake, likifika ghala kuu zimepungua, ugomvi unaanza. Hakuna korosho iliyoibwa, angalau tuseme hivyo, zimekauka tu. Ila korosho ikikauka ndiyo inakuwa bora. Wewe ukikauka, bado unadaiwa uchuchumae na chuma mabegani.

Najua mmeona mabondia. Bondia wa kulipwa anapima uzito leo, pambano ni kesho. Ana usiku mzima wa kunywa, kula na kulala. Hata hivyo wengine hupanda ulingoni miguu ikiwa mizito. Mchezo wako haukupi usiku. Kwa kanuni za shirikisho lake la kimataifa, IPF, mizani hufunguliwa saa mbili kabla ya kuanza kunyanyua, na kazi ya kupima huchukua saa moja na nusu. Ukipimwa mwishoni, una nusu saa tu. Tumbo haliwezi kurudisha lita mbili kwenye misuli kwa muda huo. Utakachopata ni kichefuchefu. Kilo 2.4 kwako ni karibu asilimia 4 ya mwili mzima. Moyo utakwenda mbio, kichwa kitauma, misuli itakaza, na kile chuma unachokinyanyua kwa utani siku za mazoezi kitakuwa kama kimeota mizizi.

Na mizani haina huruma. Agosti 2024 kule Paris, Vinesh Phogat wa India alikuwa ameshaingia fainali ya mieleka ya kilo 50. Usiku kucha alikimbia, akatoa jasho, hata nywele akakatwa. Asubuhi mizani ikaonyesha gramu 100 zaidi. Gramu mia, mdogo wangu, nusu kikombe cha chai! Akaondolewa, na hata ile medali ya fedha iliyokuwa mikononi mwake hakuipata. Huyo bado alirudi kwao mzima. Mwishoni mwa 1997, wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki chache wakijikausha ili wafikie uzito: nguo za mpira, vyumba vya joto, maji hakuna. Baada ya hapo nguo hizo na vyumba hivyo vikapigwa marufuku kwenye mieleka ya vyuo, na mizani ikasogezwa karibu na pambano, ili mtu asione faida ya kujikausha.

Mimi mwenyewe nimeshavaa hilo koti. Novemba, kabla ya mvua, mchana kweupe, barabara ya Mahuta, nailoni ndani na sweta juu. Uzito niliupata. Siku ya mashindano, kwenye mtindo wa kwanza tu nikachuchumaa na chuma, nikabaki hukohuko chini kama ninayechambua mboga, wakaja watu wawili kunitoa.

Huyo kocha wa simu akifika kwenye vidonge vya kukojoza, mfute. Vinatoa maji pamoja na madini yanayoongoza mapigo ya moyo, na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni, wamevipiga marufuku. Na kama kwenu kuna selimundu, hata kama wewe mwenyewe hujawahi kuumwa, kukauka huku unajitutumua kunaweza kukuangusha vibaya. Kapime kwanza.

Sasa kinachowezekana. Angalia kalenda yako ya mwezi: siku chache kabla ya hedhi wengi wetu huongezeka kilo moja au mbili, na hizo huondoka zenyewe. Pima asubuhi baada ya choo, mizani ileile, ya zahanati, siyo ile ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, ya kupimia magunia (msicheke, nawajua). Siku mbili za mwisho weka pembeni mbaazi, ming'oko na mboga za majani, kula wali, mayai, samaki asiye na chumvi nyingi. Tumbo likiwa na makapi machache unaweza kupungua nusu kilo hivi huku maji ukinywa kama kawaida. Aliyezidi gramu mia tatu, hiyo inamtosha.

Wewe umezidi kilo 2.4, haikutoshi. Madaraja ya wanawake ya IPF tangu 2021 yanatoka 63 yanakwenda 69, na kwenye 69 unaingia umekula, umekunywa, umelala. Utasema wenzako huko ni wakubwa kuliko wewe. Ni kweli, na pengine watakushinda. Haya ni mashindano yako ya kwanza. Kazi yako ni kunyanyua mara tisa na kutoka na namba zako halisi. Hiyo 63 ukiitaka kweli, tuanze nayo baada ya msimu wa korosho, taratibu, kwa chakula, miezi miwili mitatu.

Mpigie mratibu leo, usingoje siku ya mizani, umwambie akuandike 69. Halafu niandikie umenyanyua ngapi.