KIYASI: FAIDA YAKE NA HATARI YAKE

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Fahamu, ewe ndugu Muislamu, ya kuwa kufananisha jambo na jambo ni katika njia kubwa za akili. Mtu hulipima asilolijua kwa analolijua, na mwenye hoja hutoa mfano ili lililo mbali likaribie. Lakini mfano ni mizani: ikiwa sawa hutoa haki, na ikipotoka humdhulumu mtu hali ya kuwa adhani amepimiwa vyema.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe alifundisha kwa mifano. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa ya kuwa bedui mmoja alimjia, ana shaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza rangi ya ngamia zake. Akajibu kuwa ni wekundu, na wamo miongoni mwao wa rangi ya kijivu. Alipoulizwa rangi ile imetoka wapi, akasema huenda ni asili ya zamani iliyowavuta. Basi akajulishwa ya kuwa na mtoto wake huenda hali ni iyo hiyo. Kwa mfano huo mmoja mke alisalimika na tuhuma, na mtoto akabaki na nasaba yake.

NGUZO ZA KIYASI

Wanavyuoni wa sheria huuita ufananisho huu kiyasi. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 204 wa Hijra (820), na ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea mwambao wa Afrika ya Mashariki, alikieleza katika kitabu chake Ar-Risala, akakiwekea mipaka ili watu wasihukumu kwa matamanio ya nafsi. Waliokuja baada yake walihesabu nguzo zake nne: asili, tawi, hukumu ya asili, na illa, yaani sababu iyakusanyayo mambo mawili. Nguzo ya nne ndiyo roho ya kiyasi.

Twaa mfano huu. Hadithi imetaja vitu sita, navyo ni dhahabu, fedha, ngano, shayiri, tende na chumvi, ya kuwa kitu kisibadilishwe kwa jinsi yake ila sawa kwa sawa na mkono kwa mkono. Mahindi hayakutajwa, kwani asili ya mmea huo ni bara la Amerika, nao ulifika pande hizi karne nyingi baadaye. Je, yana hukumu gani? Mashafii wasema illa ya ngano na wenzake ni kuwa chakula, na mahindi ni chakula. Mahanafi wasema ni kupimwa kwa kibaba au mizani, na mahindi hupimwa. Wamaliki wasema ni kuwa chakula kikuu kiwekwacho akiba, na mahindi ni hivyo. Basi yaingia kwa njia zote tatu, kwa kuwa kila mmoja ameitaja illa yake wazi, nayo yaweza kuchunguzwa.

SUALA LA BABATI

Babati ni mji wa bara, makao makuu ya mkoa wa Manyara uliotengwa na mkoa wa Arusha mwaka 2002, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Ni nchi ya mahindi na mbaazi. Na palipo na wakulima, akiba hupungua kabla ya mavuno, ndipo mtu huenda kukopa.

Suala: Mwenye duka Babati amkopesha mkulima gunia moja la mahindi kwa sharti alipe mawili baada ya mavuno. Akikatazwa husema, “Punje moja ikitiwa ardhini hurudi hindi zima. Kwa nini gunia langu lisizae?” Je, hoja yake yasimama?

Jawabu: Haisimami. Mpanzi huitia mali yake hatarini: mvua ikikosa au wadudu wakila, hasara ni yake. Mkopeshaji huyu, mvua inyeshe isinyeshe, adai mawili. Tena ardhi haina watoto wa kulisha, lakini gunia la pili latoka katika chungu cha mkulima, na mwaka ujao atarudi kukopa mapema zaidi. Mbegu na mkopo vimefanana katika kuzidi, na kuzidi siyo illa.

Suala: Akisema, “Nyumba hupangishwa kwa ujira, na mahindi yangu ni kama nyumba”?

Jawabu: Mpangaji huitumia nyumba nayo ikabaki, na ikipigwa na radi msiba ni wa mwenyewe. Mahindi hayatumiki ila kwa kuliwa. Yakishakopeshwa yamekuwa mali ya mkopaji, na dhamana i juu yake. Penye tofauti yenye kugusa hukumu, kiyasi huvunjika.

Wala hoja hii si mpya. Katika Suratul Baqara, aya ya 275, Mwenyezi Mungu amesimulia habari za wala riba waliodai kuwa biashara ni mfano wa riba, akawarudi. Na katika Suratul Aaraf, aya ya 12, Ibilisi alipima moto na udongo akajiona bora kuliko Adam. Alileta kiyasi mbele ya amri iliyo wazi, kikamwangamiza.

HATARI YA UPANDE WA PILI

Wako na waogopao mno hata wakaharimisha la halali. Wamwonapo mtu atoa fedha leo ili apewe mahindi baada ya miezi, husema, “Hii ni riba ile ile.” Hilo ni kosa vile vile. Mauzo hayo ni salam. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakiyafanya katika matunda, akayaruhusu kwa sharti kipimo kijulikane na muda ujulikane. Katika madhehebu ya Shafii thamani yote hutolewa pale pale kikaoni, muda hutajwa kwa tarehe wala haitoshi kusema “wakati wa mavuno”, na mahindi hayafungwi na shamba moja, kwani shamba moja laweza kukosa. Fedha si mahindi, na bei ya soko hupanda na kushuka, basi mnunuzi naye amebeba hatari.

Hivyo mwenye duka ana milango miwili. Akopeshe gunia kwa gunia, apate thawabu. Au anunue kwa salam kwa bei ya haki, apate faida asimbane mwenye njaa.

MAMBO YA KUPIMA

Ukisikia mfano katika hoja, uliza haya. Kwanza: ni illa gani iliyoyakusanya mambo haya mawili? Asiyeweza kuitaja ameleta sura tu, na chumvi na sukari zina sura moja. Pili: iko tofauti igusayo hukumu? Tatu: liko neno la sheria lililo wazi? Likiwako, kiyasi hakina nafasi. Nne: mfano huu wamfaa nani? Nafsi huona haraka mfano uletao faida, na huchelewa kuona uletao wajibu. Hilo la nne peke yake halibatilishi hoja, bali lamtaka mwenye kuitoa aipime mara ya pili kabla hajaitumia juu ya mali ya mwenziwe.

Mwenyezi Mungu awaongoze Waislamu katika kauli iliyo sawa na chumo lililo safi. Amin.