Kituo cha Utafiti cha Pamoja: Yaandikwe Kabla ya Kujenga

Malawi haina pwani, lakini ina Ziwa Nyasa, ambalo wenyeji wanaliita Ziwa Malawi: urefu wake unapita kilomita 550, kina chake kinakaribia mita 700, na Tanzania na Msumbiji zina mwambao wao humo. Kwa hiyo mkazi wa mtaa wa Chilinde, Lilongwe, au wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka akisikia vyuo na idara za serikali zinapanga kituo cha pamoja cha sayansi ya bahari na maziwa, asidhani hayo ni mambo ya Unguja na Mombasa tu. Makala haya yanamlenga mwanafunzi, mwalimu, kiongozi wa chama au aliyekuwa mvuvi huko Uvira, Baraka au Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, ambaye anaweza kuitwa kwenye kikao cha mipango na kuombwa maoni.

Swali la kwanza la kuuliza kikaoni ni hili: mshirika mmoja akijitoa, mali itabaki kwa nani? Ni kama kuzungumzia talaka siku ya harusi, lakini Afrika Mashariki tumeshaona gharama ya kulinyamazia. Tangu mwaka 1947 palikuwa na shirika la pamoja la utafiti wa uvuvi wa maji baridi huko Jinja, na tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950 lingine la uvuvi wa baharini huko Zanzibar. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kila nchi ikashika njia yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja mwaka 1978, Kenya ikaunda taasisi yake ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, mwaka 1979, na Tanzania ikaunda yake ya utafiti wa uvuvi, TAFIRI, mwaka 1980. Nchi zilizokuwa zikivua samaki walewale zilikaa hadi mwaka 1994 ndipo zikasaini, huko Kisumu, mkataba wa kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria.

Wanaopanga kituo wakikuonyesha hati ya makubaliano, fahamu kwamba kwa kawaida hati ya aina hiyo inaeleza nia tu. Ardhi, boti, mashine za maabara na kumbukumbu za vipimo zinahitaji mkataba wenye nguvu ya kisheria. Takwimu zisisahaulike. Iandikwe nani anazihifadhi, nakala ngapi ziko wapi, na mshirika aliye nje ya nchi anaruhusiwa kuchapisha lini na pamoja na nani. Sampuli za samaki zikisafirishwa Ulaya au Marekani bila masharti, ni vigumu sana kuzipata tena.

Jambo linalonisumbua zaidi ni fedha za uendeshaji. Mfadhili hupenda jengo, kwa sababu lina jiwe la msingi na picha. Dizeli ya boti, vipuri vya injini, mishahara ya mabaharia na jenereta ya kulinda majokofu umeme ukikatika havina picha, lakini ndivyo vinavyoendesha utafiti. Katika miaka ya 1990 Malawi, Tanzania na Msumbiji zilishirikiana katika mradi wa Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) na Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF) kuhusu bioanuwai ya Ziwa Nyasa, makao yakiwa Senga Bay, wilaya ya Salima. Kazi ilifanyika, lakini ulikuwa mradi wenye tarehe ya kwisha. Kituo kinatakiwa kupima joto la maji, hewa ya oksijeni na wingi wa dagaa wa usipa mahali palepale kwa miaka 20 au 30, pamoja na msimu wa mwera, kati ya Mei na Agosti, upepo unapochafua ziwa na boti ndogo zinashindwa kutoka. Bajeti isiyotaja boti ya kuhimili mwera ina pengo la miezi kila mwaka.

Kuhusu mahali, mimi singejenga upya. Monkey Bay kuna kituo cha utafiti wa uvuvi, Kyela kuna TAFIRI, na chuo cha LUANAR, pale Bunda karibu na Lilongwe, kinafundisha ufugaji wa samaki na uvuvi. Maabara kubwa inaweza kukaa Bunda na boti zikabaki ziwani. Ila kutoka Senga Bay hadi Lilongwe ni zaidi ya kilomita 100 za barabara, kwa hiyo mpango useme barafu na gari vinatoka wapi. Useme pia boti itapita maji gani, maana Malawi na Tanzania bado zinabishania mpaka wa ziwa, na nani atafuatilia vibali: Malawi kwa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, Tanzania kwa tume yake ya sayansi na teknolojia, COSTECH.

Dzaleka ina suala lake. Kambi hiyo ya wilaya ya Dowa ilifunguliwa mwaka 1994, ina watu zaidi ya 50,000, na baadhi yao wamekulia kando ya Ziwa Tanganyika wakijua samaki kama ndagala na mgebuka tangu utotoni. Ujuzi huo ni hazina kwa kituo chochote. Lakini sheria inambana mkimbizi katika kutoka kambini na kuajiriwa, na mwaka 2023 serikali iliwataka wakimbizi waishio mijini warudi kambini. Ahadi ya mdomo kwamba "vijana wa Dzaleka watashirikishwa" haitoshi. Taasisi iandike kwamba itaomba ruhusa yenyewe, italipa posho, itatoa cheti kinachotambulika, na itaendesha vikao kwa Kichewa na Kiswahili.

Ukiitwa, omba rasimu siku kadhaa kabla ya kikao. Tafuta kipengele cha mali, cha fedha za uendeshaji na cha takwimu, na ukikuta kimoja hakipo, simama useme kabla watu hawajasaini.