Video ya droni inayokatakata

*Nilirekodi milima ya Usambara kwa droni, karibu na Lushoto, saa saba mchana. Video inakatakata na mawingu yamekuwa meupe tupu. Je, kamera imeharibika?*
*Msomaji, Tanga*

Dalili hizo mbili kwa kawaida hazitokani na ubovu wa kamera. Jua la utosini huilazimisha kufungua shata kwa muda mfupi mno, pengine 1/1000 ya sekunde. Kila fremu hutoka kali, bila ule ukungu mdogo wa mwendo unaoziunganisha, na jicho huona mruko. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde, kipimo kinachofaa ni 1/50. Mchana kipimo hicho hupatikana kwa kufunga kichujio cha ND, kioo cheusi mbele ya lenzi, huku ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikibaki 100. Kugeuza droni ghafla huzidisha mruko, hivyo izungushwe taratibu. Mawingu huhitaji mwanga upunguzwe wakati wa kurekodi, kwani weupe ulioungua haurudishwi na programu yoyote. Asubuhi mapema kazi huwa nyepesi, ukungu wa Usambara ukiruhusu. Picha ikitetemeka hata kwenye mwanga hafifu, fundi akague gimbali, kishikio kinachotuliza kamera, na mapangaboi. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kitafutwe kabla ya kurusha.